Togwa Iliyokaa Kidogo

Chumba cha Nyanjige kilikuwa kidogo kiasi kwamba mgeni akiingia, mwenyeji ilimbidi apande kitandani. Kitanda kilikula nusu ya sakafu, meza ya dagaa ikala robo, na kilichobaki kilikuwa cha kuvalia nguo, mradi mtu asiwe na haraka wala mikono mirefu. Mlango ulifunguka mpaka ukagonga mguu wa kitanda, hapo ukagoma. Hata hivyo Nyanjige alikipenda chumba kile kama wengine wapendavyo maghorofa, kwa sababu ndicho pekee kilichosimama kati yake na ng'ombe wa Mzee Jilala.

Tuanze na hao ng'ombe, la sivyo mtamwona mwanamke huyu mjanja wa bure. Nyanjige alifiwa na mume akiwa bado na nguvu zake zote, akarudi Mwamapalala kwa kaka yake Mayige. Mayige alikuwa mtu mwema, hasa pale wema ulipokuwa na pembe na mkia. Msiba haujapoa, Mzee Jilala, jirani mwenye zizi kubwa na meno machache, akaanza kupita pale jioni kuulizia afya ya mjane. Mayige naye akaanza kumsifu mbele ya dada yake: ana mifugo, ana heshima, tena macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo hata ukiunguza ugali hatajua. Nyanjige akasema yeye anakwenda Bariadi kuuza dagaa. Wakavutana wee, mwisho kaka akakubali kwa sharti moja, akalitamka mbele ya ukoo.

“Ukipata nyumba ya mtu wa heshima, kaa. Lakini siku utakayofukuzwa, usiniletee maneno. Unashuka kwenye basi, unakwenda moja kwa moja kwa Jilala.”

Nyumba ya heshima aliipata kwa Mzee Danford, kando ya njia ya Somanda. Heshima ilikuwepo mpaka ikamwagika. Mzee Danford alikuwa mzee wa kanisa, mwembamba, mwenye koti zito la mtumba alilolivaa hata jua likipasua mawe. Kila Jumapili aliposimama kutoa ushuhuda alianza na maneno yale yale: “Tangu tumboni mwa mama yangu, tone la pombe halijapita katika midomo hii.” Waumini waliyajua kwa moyo, na watoto wa benchi la mbele waliyasema pamoja naye kwa sauti ya chini. Siku Nyanjige alipoingia na godoro lake, mzee alimpa masharti ya nyumba akiwa amesimama nje ya mlango, maana ndani wasingeenea wawili.

“Hapa kwangu pombe hainywewi, haipikwi, wala haitajwi.”

“Mimi ni mtu wa dagaa, baba,” alijibu Nyanjige. Hakusema uongo, ila hakumaliza habari.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, soko huria limeingia mpaka vichochoroni. Mitumba ilimwagwa chini mnadani, watu wakaichambua wakiwa wamechutama. Maduka ya watu binafsi yaliota kila kona, na wanunuzi wapya wa pamba walikuwa wameruhusiwa kushindana na ushirika. Malori yao yaliingia Bariadi na mizani, makarani na makuli, na kila mmoja wao alitafuta pa kulala. Vyumba vikaisha mjini, watu wakapangisha hadi mabanda ya mbuzi. Kwa hiyo aliyefukuzwa chumba msimu ule hakuwa na pa kuhamia isipokuwa stendi ya basi.

Na jua likielekea kuzama, makarani na makuli wote wale walikuwa na kiu. Bia za chupa zilikuwepo, tena nyingine zikitoka nchi za jirani, lakini bia ya chupa ilikuwa ya kunywa ili watu wakuone. Kiu yenyewe ilitaka pombe ya nafaka, nzito, ya kukaa tumboni. Nyanjige alifundishwa kuipika na mama yake na mkono wake ulikuwa mzuri mno. Angefanyaje, akae na kipaji hicho akitazama dagaa wakikauka?

Kwa kuwa hakuwa na ua wake wala banda, alipika kidogo kidogo, chombo kimoja kwa wakati mmoja, na kila kitu chumbani alikipa kazi ya pili. Ulezi aliuloweka kwenye ndoo ya kufulia, akauweka kwenye gunia na kuutandaza chini ya godoro. Joto la mwili wake ndilo lililouotesha, naye alilala juu yake kama kuku juu ya mayai, akigeuka kwa uangalifu. Ukishaota na kuwa kimea, aliuanika juani kwenye mkeka mmoja na dagaa, dagaa juu, kimea chini. Alikisaga kwa jiwe akiimba nyimbo za kanisa, kwa sababu mwendo wa jiwe na mwendo wa nyimbo zile ulikubaliana. Kisha uji wa mtama, unaachwa upoe mpaka kidole kivumilie, unatiwa kimea, unafunikwa. Mwanzoni inakuwa togwa, tamu, halali, hata mtoto wa Shule ya Jumapili anakunywa. Mtu akiiacha hapo ilipo, inaanza mambo yake yenyewe. Nyanjige alipenda kujiambia kwamba yeye hapiki pombe: anapika togwa, halafu anachelewa kuinywa.

Kitanda alikiinua kwa matofali ili chombo kienee uvunguni. Harufu aliwaachia dagaa wapambane nayo, na dagaa wa Kalemela hawajawahi kushindwa. Taabu ilikuwa sauti. Pombe ikichachuka hububujika na kuguna, na upande wa pili wa ukuta ndiko kulikuwa sebule ya Mzee Danford, mahali pa sala ya jioni. Ikianza kuguna, Nyanjige alikohoa. Alikohoa sana msimu ule. Mzee Danford, ambaye kwa kweli hakuwa na roho mbaya, alikiombea kifua chake mara nyingi na kumshauri anywe maji ya moto.

Aliyemgundua wa kwanza hakuwa mzee, alikuwa mama yake mzee. Bibi Ng'washi aliletwa na mwanawe kutoka Kalemela macho yalipoanza kumwishia, akapewa kiti uani, na tangu hapo akanyamaza. Chakula alikisukuma. Watu walipomwamkia aliitikia kwa kichwa. Hakuwa amebatizwa, alisema anao watu wake wa zamani anaozungumza nao na hataki kuwachanganya. Asubuhi moja Nyanjige alipita karibu naye kwenda kuanika, mkono wa bibi ukamdaka kanga.

“Mwangaluka, Bibi,” alisema Nyanjige.

“Mwangaluka. Ng'wanone, mwanangu, wewe umelalia kimea.”

Nyanjige aliukumbatia mkeka. Aliangalia huku na huku.

“Kimea gani, Bibi? Hawa ni dagaa tu.”

“Dagaa nimewala tangu nina meno. Nakuuliza, unapikia nini?”

“Sufuria,” Nyanjige alinong'ona, akiwa karibu kulia.

“Sufuria!” Bibi aliumia kweli kweli. “Umetoka kwa watu gani wewe? Nenda kwenye kona yangu, kuna chungu kimetiwa matambara. Ni changu, nilikuja nacho kutoka nyumbani. Pikia humo. Lakini desturi unaijua.”

Desturi Nyanjige aliijua. Mwenye chungu huonja kwanza. Anameza mbele ya wageni wake ili waone hakuna baya ndani, na akishaonja amekwisha kusema kwamba pombe ni yake, na kwamba waliopo hapo wapo chini ya mkono wake. Kwa hiyo kata ya kwanza ya kila chungu ikawa ya Bibi Ng'washi. Ilimfikia kitini ikiwa imefunikwa kwa sahani ya dagaa, na sahani ilirudi na dagaa wote.

Haukupita muda bibi akafufuka. Alikula, akaomba aongezewe. Alianza kuwagombeza kuku kwa majina, kusimulia wanaume waliomchumbia na kasoro za kila mmoja, na alasiri kuimba nyimbo za kulima za ujana wake huku akijipiga goti kwa kiganja. Nyanjige alikaa miguuni pake akichambua dagaa, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe aliona yuko nyumbani. Alimpenda bibi yule waziwazi, kama mtu anavyompenda mama. Mzee Danford naye alisimama kanisani, machozi yakimlengalenga, akatangaza kwamba mama yake amerudishiwa uhai kwa maombi. Nyanjige, kwenye benchi la nyuma, aliitikia “Amina” kwa nguvu kuliko wote.

Mteja wake mkubwa alikuwa Shija, balozi wa nyumba kumi wa mtaa ule. Shija alikuwa mnywaji wa kusifika mpaka Mzee Danford alipomvuta kanisani, akaapa mbele ya kusanyiko zima kwamba ameacha, na akina mama wakalia. Aliacha kweli, mbele za watu. Kila jioni alipita na kopo kubwa lenye mfuniko kununua dagaa. Mkewe alishangaa kwamba mumewe amekuwa mpenzi wa dagaa kiasi hicho, na nyumbani hajafika hata mmoja.

Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema. Ya Nyanjige ilitolewa na kuku. Taabu ya kupikia uvunguni ni kwamba pombe ikishachujwa, machicha hayana pa kukaa. Kwa kawaida aliyabeba ndani ya ndoo, dagaa juu, akayamwaga mbali porini. Ijumaa moja alichuja chungu na papo hapo akapika kingine, na Jumamosi asubuhi, kwa haraka ya kuwahi sokoni, akayamwaga machicha nyuma ya choo na kuyafukia kwa majivu. Majivu kwa kuku ni mwaliko.

Mzee Danford alikuwa na jogoo mwekundu, kiburi cha ua mzima. Adhuhuri ile jogoo alipanda ukutani, akawika, akawika tena bila kumaliza, akaanguka upande wa pili. Alirudi kwa kupitia getini akitembea kiubavu, akaenda kuitongoza ndoo. Majike walikuwa wamekaa kivulini wamenyoosha miguu. Mzee Danford alishika kichwa, akasema kideri kimeingia, akakimbilia jikoni kutengeneza maji ya pilipili. Alimbana jogoo kwapani, akampanua mdomo, akainama ili amnyweshe. Akabaki ameinama. Akanusa tena, polepole. Kisha akamweka jogoo chini bila neno na kuanza kufuata nyayo za kuku.

Nyanjige aliporudi kutoka sokoni alikuta miguu ya mzee wa kanisa imening'inia kitandani kwake. Mlango haukumruhusu mzee kupiga magoti, kwa hiyo ilimbidi apande kitandani na kuchungulia uvunguni kichwa chini. Sauti yake ilitokea huko chini, imebanwa.

“Nyanjige! Hii ni nini?”

Maji yalikuwa yamezidi unga. Chungu kilitolewa, kikawekwa katikati ya ua, wapangaji wakaitwa, na Balozi Shija akafuatwa aje aamue. Alifika na kopo lake mkononi, akalificha nyuma ya mgongo. Nyanjige alisimama kando amejifunga kanga mbili, akiona mbele ya macho yake zizi la Mzee Jilala, na Mzee Jilala mwenyewe langoni akipepesa macho.

“Balozi,” alisema Mzee Danford akikinyooshea chungu kidole, “hii ni pombe.”

Shija alikitazama chungu kama mtu aliyekutana na mke wa siri mbele ya mke wa ndoa.

“Umeionja, mzee?”

“Mimi? Kamwe!”

“Sasa umejuaje?”

“Kwa harufu!”

“Kumbe harufu ya pombe unaifahamu, mzee,” alisema Shija kwa upole mwingi.

Wapangaji walitazama juu kama wanaosubiri mvua. Mmoja alianza chinichini, “Tangu tumboni mwa mama yangu,” akaishia kwenye kikohozi. Masikio ya Mzee Danford yalibadilika rangi.

“Basi onja wewe! Wewe uliijua kabla hujaokoka.”

Hapo Shija alibanwa pande zote. Akisema pombe, Nyanjige anaondoka na jioni zake zimekwisha. Akisema togwa, anamdanganya aliyemwokoa. Akatafuta pa kujishika.

“Desturi ni desturi,” alisema. “Mwenye chungu aonje kwanza. Chungu cha nani hiki?”

Nyanjige alijua hana pa kukimbilia. Alifungua mdomo akiri, lakini sauti iliyosikika ilitoka kitini.

“Changu,” alisema Bibi Ng'washi.

Mzee Danford aligeuka akakiangalia chungu vizuri kwa mara ya kwanza, shingo yake iliyochorwa mistari, na pale mdomoni palipomegeka kidogo. Alikuwa amekua akikiona kila siku ya utoto wake.  Bibi alipewa kata, akanywa bila haraka, akajifuta midomo.

“Togwa,” alisema.

Kata ikaenda kwa Shija. Shija alionja, akaonja tena ili asikosee, akaendelea kuhakikisha mpaka kata ikakauka. Ukweli ni kwamba chungu kile kilipikwa Ijumaa, na Jumamosi ile kilikuwa njia panda: utamu haujaondoka na ukali haujafika. Balozi aliukamata ukweli huo mdogo kwa mikono miwili.

“Ni togwa,” alisema. “Imekaa kidogo.”

Ua mzima ukaangua kicheko, na kicheko ndicho kilichoharibu. Pasingekuwa na kicheko huenda mzee angekemea, akaomba, yakaisha. Lakini alichekwa kwake, mbele ya mama yake na jogoo wake mlevi. Alisema Nyanjige atoke. Alimwita kondakta wa basi la Mwamapalala na kumpa ujumbe: Mayige aje Jumatatu amchukue dada yake. Chungu atakifungia chumbani kwake, kiwe ushahidi kwa mchungaji akirudi kutoka safari. Akakikumbatia, akaingia nacho ndani.

Nyanjige alifunga mizigo, kazi isiyochukua muda katika chumba kile, akakaa juu ya godoro lililofungwa kamba na kulia. Hakulilia dagaa wala wateja. Alilia kwa sababu alikuwa amepata mahali ambapo mtu anamsubiri asubuhi, na sasa anakwenda mahali ambapo atasubiriwa na ng'ombe.

Jioni akina mama wa kanisa walikuja sebuleni kwa sala. Kupitia ukutani Nyanjige alisikia wimbo, kisha kimya cha maombi, kisha, kutoka chumbani kwa mzee, mguno mrefu wenye mapovu. Mara Mzee Danford akakohoa. Mguno wa pili, akakohoa kwa nguvu zaidi, na mama mmoja akamwombea kifua. Nyanjige alijikuta anacheka machozi yakiwa bado mashavuni.

Jumapili mzee alitoka kwenda kanisani bila koti. Watu walishangaa, Nyanjige hakushangaa, alijua koti liko wapi. Ili kukinyamazisha, mzee alikuwa amekifunika chungu na kukivisha joto, akakisogeza kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, mbali na sebule. Yote ambayo Nyanjige angeyafanya, mzee aliyafanya, tena bila kufundishwa.

Asubuhi hiyo hiyo Bibi Ng'washi alisukuma uji. Mzee alimbembeleza, akapiga magoti mbele ya kiti.

“Kula, mayu, mama yangu. Tumekuombea.”

“Danford,” alisema bibi, uso kaugeuzia ukutani, “ulipougua surua ukiwa mchanga na maziwa yangu yamekauka, midomo yako niliilowesha kwa kitu gani, unadhani?”

Mzee aliuweka uji chini.

“Walwa, pombe yetu ya nafaka,” alisema bibi. “Ya chungu hicho hicho. Ndiyo maana upo.”

Baada ya hapo hakusema tena, wala hakula. Kanisani Mzee Danford alisimama kwa ushuhuda kama ilivyo ada. “Tangu tumboni mwa mama yangu,” alianza, akakwama. Akatazama viatu vyake, akakaa chini. Watoto wa benchi la mbele, ambao walikuwa wamekwisha kushika mwendo, walimalizia peke yao katika kanisa lililonyamaza: “tone la pombe halijapita katika midomo hii.”

Jumatatu, basi lilimshusha Mayige, na nyuma ya Mayige likamshusha Mzee Jilala mwenyewe. Alikuwa amenunua koti la mtumba kwa safari hiyo, vifungo vyake vikiwa upande wa wanawake. Walikaa uani kwenye benchi. Nyanjige alisimama mlangoni kwake, godoro limeegemezwa ukutani, na hakuna aliyemwambia akae. Shija naye alikuwepo, ametumwa na ubalozi wake au na kiu yake, haijulikani.

“Mwadila,” alisalimia Mayige. “Nimeitika wito. Huyu dada yangu amefanya kosa gani?”

Mzee Danford alifungua mdomo. Alimtazama Nyanjige, akamtazama Jilala ambaye alikuwa akilitabasamia godoro akidhani ndiye mchumba. Akamtazama mama yake. Bibi alikuwa amejikunja kitini, mdogo kuliko juzi, sahani ya chakula cha mchana ikiwa imefunikwa mapajani mwake. Kuku walipita karibu na miguu yake na hakumtaja hata mmoja kwa jina. Mzee akafunga mdomo. 

Bibi ndiye aliyesema, bila kuinua uso.

“Wageni wana koo kavu. Nyumba hii haina mtu?”

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzee Danford alisimama, akaingia ndani. Alikaa huko muda, wakasikia kitanda kikisukumwa. Alitoka amekikumbatia chungu, kikiwa bado kimevaa koti lake. Alikiweka chini, akalivua koti, akafunua. Povu lilikuwa limepanda mpaka mdomoni, na harufu iliyotoka pale dagaa wa Kalemela wote wasingeiweza.

Alichota kata. Nyanjige alidhani atampelekea mama yake, maana chungu ni chake. Shija aliweka kopo chini kwa heshima. Mzee aliitazama kata kwa muda, akafumba macho kama mtu anayemeza kwinini, akanywa. Alimeza mbele ya wageni, mbele ya balozi ambaye yeye ndiye alimvuta kanisani, mbele ya wapangaji waliosimama milangoni. Koo lake lilipanda na kushuka. Nyanjige aliishika fremu ya mlango, kwa sababu alielewa alichokiona: mwenye nyumba ameonja kwanza.

Mzee Danford akachota tena, akampa Mayige kwa mikono miwili.

“Karibuni,” alisema. “Ni togwa. Imekaa kidogo.”

Mayige alikunywa. Nyusi zake zilipanda, zikabaki huko juu.

“Sasa kosa lenyewe, mzee?”

“Hakuna kosa. Nilitaka uje upaone dada yako anapoishi. Anaishi kwangu, anamtunza mama yangu. Umepaona.”

Mayige aliangalia chungu, akaangalia nyumba, akaangalia zile kata zilizokuwa zinamsubiri, akasema kwa kweli ni nyumba ya heshima. Mzee Jilala alikuwa ameshanyoosha mkono zamani, akipapasa hewani kutafuta kata, na Shija akamsaidia kuifikia baada ya kuipunguza uzito kidogo.

Kisha Mzee Danford aliijaza kata nyingine, akaenda kupiga magoti kwenye kiti cha mama yake na kumwekea mdomoni mwenyewe. Bibi Ng'washi alikunywa, akalishikilia funda la mwisho mdomoni kabla ya kulimeza.

“Ya Jumamosi ilikuwa changa,” alisema. “Hii imeivishwa na mtu. Nani kaifunika?”

Watu walilitazama koti.

“Mimi, mayu,” alisema Mzee Danford, akimfuta kidevu kwa mkono wa shati.

“Una mkono,” alisema bibi, akaifunua sahani na kuanza kula.

Nyanjige akainama, akaanza kufungua kamba ya godoro.